Baba amebadilishiwa vidonge vya Parkinson na hali imezidi kuwa mbaya. Je, dawa ni feki?

*"Shikamoo. Naandika kutoka Mtwara mjini. Baba yangu ana miaka 69, ni mkulima wa korosho wa Tandahimba, na huu ni mwaka wa saba anaugua Parkinson. Miaka yote alitumia vidonge vya kawaida vya levodopa na kabidopa, vile vya 100 kwa 25, kimoja mara nne: saa 12 asubuhi, saa 5, saa 10 jioni na saa 3 usiku. Shida ikawa dawa inakata kabla ya saa ya kidonge kingine, anakauka kama gogo. Mwezi uliopita tulimpeleka Dar es Salaam, daktari akambadilishia vidonge vinavyotoa dawa polepole, 200 kwa 50, kimoja kutwa mara mbili. Nampa saa 1 asubuhi na saa 1 jioni. Wiki ya kwanza alikuwa hainuki hadi saa 3 asubuhi, na alasiri hali mbaya. Kumeza nako kunamsumbua, kaka akashauri nivisage nichanganye kwenye uji wake wa karanga. Sasa ikifika saa 2 na nusu mwili mzima unatetemeka, anajipinda mabega na shingo, halafu saa 5 amekauka tena. Nimeanza kumwongezea kidonge cha zamani kimoja mchana. Jirani anasema nimpe mbegu za upupu. Je, dawa hizi ni feki? Nimrudishe kwenye za zamani mwenyewe? Na yeye anataka kwenda msikitini Ijumaa, mimi naogopa ataganda katikati ya watu. Nimechoka."*

Marahaba, mwanangu. Pole sana kwa kuuguza. Miaka saba ya kumwinua mtu mzima kitandani, kumvisha, kumlisha na kumhesabia vidonge si kazi ndogo, na hilo neno lako la mwisho nimelisikia. Nitalirudia. Kwanza tumshughulikie mzee, kwa sababu naamini sehemu kubwa ya yaliyowapata mwezi huu inarekebishika, na jambo moja linaweza kurekebishwa kesho asubuhi.

Ujue pia nani anakujibu. Mimi ni mfamasia, nimekaa kwenye dirisha la dawa huku kusini miaka mingi. Kiwango cha baba yako ataandika daktari wake, si mimi. Lakini safari ya kidonge kutoka mdomoni hadi kwenye damu ndiyo kazi yangu, na swali lako karibu lote liko hapo.

Kama nimekuelewa, unaona hivi: baba alikuwa na dawa inayoisha haraka, akapewa inayokaa muda mrefu, na badala ya kupata nafuu amezidiwa, basi ama dawa ni feki, ama ugonjwa umepanda ghafla. Kwa maelezo yako, siamini lolote kati ya hayo. Kidonge kisicho na dawa ndani hakiwezi kumfanya mtu ajipinde mabega saa moja na nusu baada ya kukinywa. Mwili wa baba yako unaipokea dawa, tena kwa nguvu. Levodopa na kabidopa ni zile zile alizotumia miaka yote. Kilichobadilika ni mwendo wa dawa kuingia mwilini, na mwendo huo umevurugwa na kusaga, na ratiba, na kidogo na uji. (Hata hivyo, kwa amani ya moyo wako, nunueni kwenye duka la dawa lililosajiliwa, na mfamasia akuangalizie kama dawa hiyo imesajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba.)

Ndani kabisa ya ubongo kuna kundi dogo la seli zinazotengeneza dopamini, kemikali inayouwezesha mwili kuanza mwendo na kuuendesha bila kukwama. Kwenye Parkinson seli hizo zinakufa taratibu. Dopamini yenyewe ukiimeza haivuki kuingia ubongoni, ndiyo maana tunatoa levodopa, ambayo inavuka na kugeuzwa dopamini huko huko. Kabidopa ni msindikizaji: inazuia levodopa isigeuzwe ikiwa bado njiani, maana ikigeuzwa mapema mgonjwa anapata kichefuchefu kikali na kichwani kinafika kidogo tu. Hata ikisindikizwa hivyo, levodopa haikawii kwenye damu. Kila baada ya saa moja hadi moja na nusu, nusu yake imeshaondoka.

Sasa utauliza, kama inaondoka haraka hivyo, mbona miaka ya mwanzo baba alikuwa anakunywa mara tatu au nne na siku nzima yuko sawa? Yeye ni mtu wa Tandahimba, mfano huu ataushika kuliko wengi. Huko kwenye uwanda wa Makonde maji yalikuwa ya kufuatwa mbondeni. Nyumba yenye pipa kubwa la kukinga mvua haikujali muuza maji amepita saa ngapi, pipa lilishikilia. Nyumba yenye ndoo moja ilihesabu kila mzunguko wa mkokoteni. Miaka ya mwanzo seli zilizobaki ubongoni ni lile pipa: zinapokea dawa, zinaihifadhi, zinaitoa kidogo kidogo. Baada ya miaka kadhaa pipa limekwisha, imebaki ndoo. Dawa ikipanda kwenye damu, mwili unafunguka. Ikishuka, mwili unafunga. Ndiko kukatikiwa na dawa huko, na haimaanishi kwamba dawa imezoeleka au imekuwa maji.

Vidonge vya kutoa dawa polepole vilitengenezwa kujibu tatizo hilo hilo. Kwenye dirisha langu nina tabia moja ninapomkabidhi mtu vidonge hivi mara ya kwanza. Nachukua glasi mbili za maji. Moja natumbukiza kidonge cha kawaida, nyingine kile cha polepole. Tukiwa bado tunaongea, cha kawaida kimeshamomonyoka, maji yamekuwa na uchafu wa rangi, chini kuna unga. Kile kingine kiko pale pale, kimelainika kidogo pembeni kama sabuni iliyoachwa kwenye beseni. Unga wake umeshikwa ndani ya kitu kama gundi inayoyeyuka kuanzia nje kwenda ndani, saa baada ya saa. Hiyo gundi ndiyo mliyoilipia bei ya ziada. Ukikisaga, umeitupa gundi na kubaki na unga.

Kwa hiyo tazama kilichotokea nyumbani kwenu. Baba alizoea miligramu 100 za levodopa kwa mara moja. Kidonge kipya kina 200, zilizopangwa kutoka polepole. Uliposaga, 200 zote ziliingia kwa pamoja, mara mbili ya alichozoea. Saa 2 na nusu zimefika kileleni, akajipinda. Saa 5 zimekwisha, akakauka. Kisha, ukiacha kile cha zamani ulichoanza kumwongezea mchana, hana kitu hadi saa 1 jioni. Mwanangu, hujafanya kosa la uzembe. Ulikuwa unamwokoa asipaliwe, na hakuna aliyekueleza. Lakini kuanzia kesho usisage tena, wala asikitafune. Baadhi ya vidonge hivi vina mstari katikati na vinaweza kukatwa nusu kwa mstari huo, vingine haviruhusiwi hata hilo, kwa hiyo mpelekee mfamasia akione kwanza.

Kuna neno moja kwenye barua yako linanitia wasiwasi kuliko yote: "unatetemeka". Unavyoeleza, mabega yanajipinda, shingo inazunguka, mwili unacheza kama mtu anayesikia ngoma ambayo wengine hawaisikii. Kule si kutetemeka kwa Parkinson. Kutetemeka kwa Parkinson kuna mapigo yanayolingana, mara nyingi kwenye mkono uliotulia mapajani, kidole gumba kikizunguka kama mtu anayehesabu tasbihi, na kunapungua mkono ukinyoosha kuchukua kikombe. Kujipinda kule kunatiririka bila mpangilio, na kwa kawaida kunakuja dawa ikiwa imejaa. La kwanza linasema dawa ni pungufu, la pili linasema dawa imezidi kwa wakati huo. Ukiyachanganya, utamwongezea dawa mtu ambaye dawa imemzidi. Nimeona familia zikifanya hivyo kwa mapenzi kabisa. Chukua simu, mrekodi dakika moja akiwa saa 2 na nusu na dakika nyingine akiwa saa 5. Video hizo mbili zitamsaidia daktari kuliko maelezo ya nusu saa.

Halafu ratiba. Bahasha ya dawa imeandikwa "1 x 2", na sisi Watanzania wote tumefundishwa kusoma hiyo kuwa kila baada ya saa 12. Kwa dawa ya malaria au ya vidonda vilivyooza, sawa. Kwa dawa hii, dozi zinapangwa ndani ya saa ambazo mtu yuko macho, kwa kawaida zikiachana saa 4 hadi 8. Hakuna kidonge cha levodopa cha aina hiyo kinachoweza kumshika mtu kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 1 jioni. Alasiri zake mbaya za wiki ile ya kwanza, kabla hata hujaanza kusaga, naamini zilitoka hapo. Mpigie daktari umuulize neno kwa neno: "Dozi ya pili nimpe saa ngapi?" Usishangae akikuambia saa 8 mchana, au akiongeza ya tatu.

Anaweza kuongeza, kwa sababu ya hesabu ambayo haiandikwi kwenye boksi. Zamani baba alipata 100 mara nne, jumla 400. Sasa anapata 200 mara mbili, jumla 400 vilevile. Kwenye karatasi ni sawa. Mwilini si sawa, kwa kuwa kidonge cha polepole hakinyonywi chote. Kinachoingia kwenye damu ni kama asilimia 70 hadi 75 ya kile ambacho kidonge cha kawaida kingetoa. Maana yake 400 yake ya sasa ni kama 300 au pungufu ya zamani. Daktari hakukosea. Mtu aliyekuwa akipata 300 hadi 400 kwa siku, maelekezo ya dawa yenyewe yanasema aanzie 200 mara mbili. Ni mahali pa kuanzia, kisha inapandishwa kidogo kidogo, siku tatu au zaidi zikipita kati ya badiliko moja na jingine, na wengi huishia kuhitaji hadi asilimia 30 zaidi ya levodopa waliyokuwa nayo. Tatizo ni kwamba kuanzia Mtwara kurudi Dar es Salaam kuangaliwa tena ni nauli, ni kulala, ni mgonjwa kwenye basi kutwa nzima. Kwa hiyo watu wengi wa huku wanabaki kwenye dozi ya kuanzia wakidhani ndiyo dozi yenyewe, na wanakata tamaa na dawa ambayo haijapewa nafasi.

Kile kidonge cha zamani unachoongeza mchana, usifiche. Inaeleweka kwa nini umefanya, na daktari mwenyewe anaweza kukuruhusu uendelee. Lakini asipojua, hesabu yake yote itakuwa ya uongo. Usiongeze kingine, na usikiache ghafla pia kabla hujazungumza naye.

Kuhusu uji wa karanga nitasema kwa kifupi. Levodopa inaingia mwilini kwenye utumbo mwembamba kwa kutumia mlango ule ule unaotumiwa na protini. Karanga, maziwa, mayai, samaki, kunde, zikifika mlangoni pamoja na dawa, dawa inasubiri foleni. Kidonge cha kawaida kinanyweka vizuri nusu saa kabla ya chakula. Kile cha polepole kina tabia yake: chakula kinaongeza kiasi kinachonyonywa, kwa hiyo cha muhimu ni kutobadilisha mtindo, leo na uji kesho tumbo tupu. Asubuhi mpe na kitu chepesi, muhogo wa kuchemsha, ming'oko, uji mwepesi usio na karanga wala maziwa. Samaki wake asinyimwe. Hawa wagonjwa wanakonda, na mzee wa pwani bila samaki atanyong'onyea. Sogeza tu wingi wa protini uende jioni. Kama anatumia vidonge vya madini ya chuma, viachane na dawa hii kwa saa mbili.

Tuje kwenye kumeza, ambako kwangu ndiko kwenye uzito wa swali lako. Parkinson inapunguza nguvu za koo kama inavyopunguza za miguu. Mara nyingi kumeza kunakuwa kugumu zaidi dawa ikiwa imekata, na hapo ndipo tunapomwekea kidonge kikubwa mdomoni. Mkalishe wima kabisa, si kuegemea mto. Mdomo uwe umelowa, anywe funda moja la maji kwanza. Kidonge kizima kiweke kwenye kijiko cha uji mzito, akimeze kwa kuinamisha kidevu kidogo kuelekea kifuani. Watu wengi wanainua kichwa juu kama kuku anayekunywa maji. Hiyo inaifungua njia ya hewa. Ikishindikana hata hivyo, basi hiyo ni sababu tosha ya daktari kumrudisha kwenye vidonge vya kawaida, kwa sababu hivyo vinaweza kusagwa na kuchanganywa na maji kidogo bila kuharibu kitu. Kaka yako hakukosea kuhusu kusaga, alikosea aina ya kidonge.

Nikusimulie walivyo wengine wanapobadilisha, ili usidhani ni nyinyi peke yenu. Mtu aliyezoea kidonge cha kawaida anajua dakika ambayo dawa inamshika. Wengine wanasema wanasikia kama umeme umerudi. Cha polepole kinamshika kwa kunyemelea, kati ya saa moja na mbili baadaye, bila kishindo, na mgonjwa anasema "hii haifanyi kazi" wakati tayari anafunga vifungo vya shati. Asubuhi ndiyo inayolalamikiwa zaidi. Jioni nako kuna mshangao wa upande wa pili: mabaki ya dozi ya asubuhi yanakutana na ya mchana, na mtu anaanza kujipinda saa ambazo zamani alikuwa ametulia. Mzee mmoja wa Lindi aliyekuwa akija kwangu alikuwa na daftari la shule la mistari. Hakuandika saa za ukutani, aliandika adhana. "Alfajiri, kidonge. Kabla ya Adhuhuri kimenishika. Baada ya Alasiri nimekatika. Magharibi kidonge." Mkewe aliongeza alama zake pembeni: nyota kwa kujipinda, msalaba kwa kukauka, duara kwa usingizi. Wiki mbili za daftari lile zilimwezesha daktari kupanga dozi bila kubahatisha. Fanyeni hivyo hivyo, kwa alama zenu.

Sasa umeuliza, umrudishe kwenye za zamani? Usifanye mwenyewe, na usiache dawa ghafla hata siku moja. Kukatisha levodopa kwa ghafla kunaweza kuleta homa kali, mwili kukakamaa na kuchanganyikiwa, na hiyo ni hali ya kufa na kupona. Lakini kurudi, kwa mkono wa daktari, si kushindwa. Vidonge vya polepole vilipoingia sokoni Marekani mwaka 1991 kulikuwa na tumaini kwamba ukimwanzishia mgonjwa mapema ataepuka kukatikiwa na kujipinda. Wagonjwa waligawanywa makundi mawili wakafuatiliwa miaka 5, na tofauti haikuonekana. Mwaka 2006 chama cha madaktari wa mishipa ya fahamu cha Marekani kiliandika kwenye mwongozo wake kwamba vidonge hivi vinaweza kuwekwa kando kama lengo ni kupunguza muda wa kukatikiwa. Orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani nayo ina vidonge vya kawaida. Kwa hiyo hukumpunja baba chochote katika miaka ile.

Tena angalia ratiba ya zamani: saa 12, saa 5, saa 10, saa 3 usiku. Saa tano tano kati ya dozi, kwa dawa ambayo kwa mtu wa mwaka wa saba inamshika kama saa tatu au nne. Inawezekana kabisa shida haikuwa aina ya kidonge. Dozi ndogo za vidonge vya kawaida, mara tano au sita kwa siku, zinawatuliza watu wengi, ila zinahitaji mtu wa kukumbusha. Njia nyingine inayotumika sana, na ambayo mimi naipenda kwa mgonjwa kama wako, ni kuchanganya: vya kawaida mchana, hasa kile cha alfajiri kinachomnyanyua haraka, na kimoja cha polepole wakati wa kulala ili aweze kujigeuza kitandani na asiamke amekauka. Hiyo inategemea kumeza kwake. Daktari anaweza pia kuongeza dawa ya pili ya kurefusha muda wa levodopa. Mpelekee mawazo haya kama maswali, aamue yeye.

Kama mna ndugu ng'ambo, mtasikia habari za kapsuli mpya. Zipo. Rytary iliruhusiwa Marekani Januari 2015 na Crexont ikafuata 2024. Ndani zina punje ndogondogo, nyingine zinayeyuka mara moja na nyingine baadaye, kwa hiyo asubuhi mtu hangoji sana, na kwa baadhi ya wagonjwa zinafanya kazi vizuri kuliko vidonge hivi vya zamani vya polepole. Lakini namba zake haziendani kabisa na mlizozoea: mtu wa miligramu 400 za kawaida anaweza kuanzishiwa kwenye 855 za Rytary, na ni sawa. Mtu akikutumia boksi kwenye begi la msafiri, ukalinganisha namba kwa macho, utamdhuru mzee. Pia ni ghali, na ukianza lazima uwe na uhakika wa boksi la mwezi ujao. Kwa hali yenu nisingekimbilia huko.

Jirani yako naye hajasema uongo. Mbegu za upupu zina levodopa kweli, ile ile iliyo kwenye kidonge. Ubaya wake ni kwamba mbegu moja na nyingine hazilingani, hazina kabidopa ya kusindikiza, na baba tayari ana levodopa mwilini. Utakuwa unaongeza kwenye sufuria usiyoiona ndani. Mshukuru jirani, usimpe.

Ukienda hospitali kwa jambo lolote, hata malaria, sema kabla hujakaa: "Huyu ana Parkinson, dawa zake zisikatishwe, na asipewe Plasil wala haloperidol." Plasil, ya kuzuia kutapika, inapatikana kila duka, na haloperidol ni ya kutuliza wagonjwa wa akili; zote zinaziba mlango ule ule wa dopamini tunaohangaika kuufungua. Mwahishe bila kusubiri kliniki kama hawezi kumeza dawa kabisa kwa siku nzima, kama ana homa na mwili umekakamaa au anapayuka, kama anapaliwa na kukohoa kila anapokula, kama ameanguka akagonga kichwa, au anazimia akisimama. Akianza kuona watu ambao hawapo chumbani, piga simu kwa daktari siku hiyo hiyo. Choo kikigoma siku nyingi usikidharau. Tumbo lililofunga linachelewesha na dawa pia. Mkojo au jasho kuwa na rangi ya chai kusikutishe, ni dawa hiyo. Hapo Mtwara mna Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini na Ligula. Ndugu zako walio upande wa Lindi wana Sokoine, na wa Masasi wana Ndanda. Anza hapo wiki hii, na boksi zote za dawa mkononi, za zamani na mpya, daktari wa hapo azungumze na yule wa Dar es Salaam. Si lazima kila marekebisho yapandiwe basi.

Na wewe. Umeandika "nimechoka" kwenye mstari wa mwisho, kana kwamba ni jambo dogo. Kaka anayeshauri kusaga anaweza pia kulala chumbani kwa baba siku mbili kwa wiki. Mwambie kwa jina na kwa siku, "wewe Jumamosi na Jumapili", maana ukisema "nisaidieni" hakuna anayejijua. Na kama wapo wanaonong'ona kwamba mzee amerogwa kwa sababu ya shamba la mikorosho, waambie kwamba utafiti wa nyumba kwa nyumba uliofanyika wilayani Hai, Kilimanjaro, uliwakuta wazee wenye ugonjwa huu huu, na wengi wao walikuwa hawajawahi kuambiwa na mtu yeyote kwamba una jina na una dawa.

Umemalizia na msikiti. Aende. Mtu aliyeswali Ijumaa maisha yake yote akifungiwa ndani, anaugua ugonjwa wa pili. Muulize daktari kama siku hiyo dozi inaweza kusogezwa ili imshike kabla ya adhana: kidonge cha kawaida kinataka kama saa nzima kabla ya kutoka nyumbani, cha polepole saa mbili. Aondoke mapema, kabla njia haijajaa, na mjukuu mmoja pembeni, asimvute mkono. Miguu ikiganda mlangoni, na inapenda kuganda milangoni, mjukuu aweke mguu wake mbele ya wa babu, amwambie "ruka huu", au wahesabu pamoja moja, mbili, tatu na kuanza na mguu wa kulia. Kumsukuma kunamwangusha. Mzungumze na imamu kabla ya Ijumaa, kiti kiwekwe mwisho wa safu, upande wa mlango.